Bolti ya Mama Mkwe

Bolti iligoma kama punda darajani. Fundi aliipiga nyundo, akaimwagia mafuta, akaitukana kwa sauti ya chini kwa kumheshimu bibi aliyekaa karibu, kisha akaipiga tena. Haikutikisika.

"Unaibembeleza," alisema bibi. "Hiyo haitaki mapenzi."

Bibi alikuwa amekaa kibarazani juu ya sanduku kubwa jekundu, amevaa gauni la kutokea, macho ameyatia wanja, kama abiria anayeogopa kuachwa. Ndiye aliyempigia fundi simu asubuhi ile: njoo upesi, leo kuna safari na gari halitembei.

Fundi akajilaza tena chini ya gari. Shokomzoba ya nyuma ilikuwa imevuja mafuta yote na kupinda kiuno, na bolti iliyoishika kwa chini ilikuwa imeshikana na bushi, kile kibomba inamopita, kwa kutu, ungedhani ni pacha wa kuzaliwa. Gari lenyewe lilikuwa limesimama uani siku nyingi, majani yameota hadi usawa wa mlango. Kuku mmoja alikuwa amelifanya kiota, na hakufurahia wageni.

Mwenye gari, mkwe wa yule bibi, mwanamume wa makamo mwenye kitambi kilichotunzwa vizuri, alichuchumaa kando ameshika tochi. Fundi alimwonea huruma. Hata yeye mama mkwe wake aliwahi kuja kusalimia mara moja tu, akasalimia mpaka mvua zikanyesha zikakatika. Waliosema mgeni apewe jembe siku ya tatu hawakuwa na wakwe.

"Mkwe!" bibi aliita. "Fundi anahitaji nyundo kubwa. Iko stoo, nyuma ya pipa, chini ya magunia."

Fundi akatikisa kichwa. Bibi huyu kazidi, anajua mpaka nyundo inapolala!

Mkwe alikwenda, akakawia, akarudi na msumeno wa mbao. Bibi akasonya, akaifuata nyundo mwenyewe.

Alipotoweka, mkwe aliinama. "Fundi, kama imegoma tuiache. Gari ni roho za watu. Safari si lazima iwe leo."

Fundi alistaajabu. Adabu iliyoje! Kisha akajiona mjinga. Bila shaka mwenzake alikuwa akijikosha, kesho asije akaambiwa kamfukuza mzazi. Akamkonyeza. "Usijali, ndugu yangu. Leo hii nakutua mzigo."

Mkwe hakutabasamu. Jasho lilimtiririka, ingawa mpiga nyundo alikuwa mwingine.

Ndani ya nyumba, mkewe alikuwa akifungasha huku analia kwa kwikwi. Droo zilivutwa, zikabamizwa. Fundi aliguswa. Mama ni mama tu, hata akiwa na ulimi kama ule.

"Kilio hakikunji nguo!" bibi alipaza sauti akirudi na nyundo. Kwikwi zikapungua.

Fundi alichomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana apate nguvu zaidi, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Spana ikateleza. Vidole vikagonga chuma, ngozi ikabanduka. Akatoka chini ya gari, akakaa akipuliza mkono, na kwa mara ya kwanza akafikiria kukusanya vifaa vyake aende zake.

"Si nilisema?" mkwe alidakia upesi. "Pumzika. Rudi wiki ijayo. Hata mwezi ujao."

Bibi akashuka kibarazani. Akalikunja gauni lake la kutokea, akapiga magoti mchangani.

"Msumeno wa chuma uko wapi?"

"Mama, utachafuka," alisema fundi.

"Nitaoga. Uko wapi?"

Fundi akaona aibu. Akauchukua msumeno mwenyewe, akalala ubavu, akaanza kuikata bolti. Mkwe alimulika kila mahali isipokuwa palipokatwa, mpaka bibi akampokonya tochi. Unga wa chuma uliwamwagikia mikononi. Upande mmoja ukakatika, wakahamia wa pili. Fundi alipochoka, bibi alimhimiza kwa maneno ambayo mtu hatarajii kuyasikia kwa mwanamke wa umri ule. Mwishowe nyundo ikashuka mara moja, kwa hasira ya wote wawili, na shokomzoba ikaanguka puu! Kuku akaruka. Bibi akapiga kigelegele kilichowachungulisha majirani.

Kufunga shokomzoba mpya hakukuwa kazi. Fundi alilikandamiza gari kwa nyuma. Likainuka mara moja, likatulia.

"Nasikia kama linagonga," alisema mkwe.

"Haligongi!" wakajibu fundi na bibi kwa pamoja.

Mizigo ikapakiwa. Sanduku jekundu, mabegi, televisheni, feni, godoro juu ya paa. Fundi alisaidia kufunga kamba huku akiguna moyoni. Bibi alikuwa anaondoka na nusu ya nyumba, lakini kwa mkwe, hiyo nayo ilikuwa hasara ya kumshukuru Mungu.

Mkwe akashika usukani, uso umemshuka. Mkewe akaketi kando yake, macho yamevimba. Fundi akasukuma mabegi kwenye kiti cha nyuma, akashikilia mlango wazi, akainama kidogo.

"Karibu, mama. Nimekutengea nafasi."

Bibi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo. Akaubamiza ule mlango kwa nyonga, akaenda kulifungua geti mwenyewe.

"Haya, wanangu, safari njema," aliwaambia gari likipita. "Na siku mkija kusalimia, mje mmeshakula."

Kisha akalifunga geti kwa ndani, akatia komeo, akaingia nyumbani kwake akiimba.