Seli Zinazokufa Göttingen Tu

Mgeni kutoka Basel, Uswisi, alifika kwenye maabara ya Göttingen, Ujerumani, na koti lake jeupe, kalamu zake, hata maji yake ya kuoshea seli. Alikataa kuazima chochote. Wiebke Ahrens, mtafiti wa maabara hiyo, alielewa vizuri: mtu akija karamuni na kijiko chake, ujue anaogopa sumu.

Wiebke alikuwa amepata jibu lile lile kila alipojaribu. Seli za saratani ya ini alizitia vipande vidogo vya RNA vya kuinyamazisha jeni moja, yaani kuizuia isifanye kazi, na jeni iliponyamaza, seli zilidhoofu zikafa. Kando yazo iliwekwa sahani ya kulinganishia, iliyotiwa vipande visivyonyamazisha kitu, na humo seli zilinawiri. Makala ikatoka, sifa zikamiminika. Kisha Basel nao wakajaribu. Kwao jeni ilinyamaza kabisa, na seli zikaendelea kustawi kana kwamba hazikuambiwa.

Neno "mwongo" hakuna aliyelitamka, lakini lilikaa naye mezani kila mchana. Mkataba wake ulikuwa unaisha Pasaka. Jina likishachafuka, nani angempa mwingine?

Aliyemtetea ni Profesa Lüders peke yake, mkuu wa maabara, tena kwa kelele. Aliipenda kazi ile kama mtu anavyompenda mjukuu wa kwanza. Hakuna mgeni aliyeondoka bila kuonyeshwa seli zinazokufa, hata fundi wa lifti alishaziona.

Basi Urs Zumstein, huyo wa Basel, akarudia jaribio lote kwa mikono yake. Wiebke aliruhusiwa kukaa kwenye kigoda na kutazama tu. Alifungua kinywa mara moja, Urs alipokuwa akiziingiza sahani zake mbili kwenye kabati la joto.

"Mlango, Bwana Zumstein. Seli hizi zina deko. Zikipigwa na baridi kidogo tu, zinasusa, zinakufa."

"Hata zetu," Urs alisema. "Ila zetu hazisusi ili zipate makala."

Neno hilo lilimuuma Wiebke.

Siku ya kupima ilipofika, Urs aliinamia hadubini, akakawia pale mpaka watu wakaanza kukohoa. Sahani ya kulinganishia ilikuwa imejaa seli nzima, zimebanana. Ile ya jeni iliyonyamazishwa ilikuwa makaburi matupu. Akavua miwani.

"Bi Ahrens, niwie radhi. Nimefanya mwenyewe, na nimeona mwenyewe." Kisha akamwomba amwite Urs tu, bila "Bwana", heshima ambayo watu wa huku hawaitoi bure.

Wiebke alilia mbele ya wote na hakuona haya. Profesa alifungua mvinyo wa mapovu, akasema labda seli za Basel zinalishwa jibini, ndiyo maana hazifi. Urs alicheka pamoja nao. Lakini bado alijiuliza kwa sauti ni kitu gani kinafanyika hapa na kwao hakifanyiki.

"Mimi wala sikuwa na wasiwasi," Profesa alimwambia Urs, akimshika bega. "Nilijua kabla yako. Wiki hii nina wageni wa wizara, wako kule jengo la mikutano, ng'ambo ya uwanja. Kila asubuhi nimewapelekea sahani yako waitazame wakinywa kahawa. Nimeivusha kwenye theluji mwenyewe, nimeifunga kwa leso yangu."

Urs aliiweka bilauri mezani taratibu.

"Zote mbili?"

"Zote za nini?" Profesa alimmiminia tena. "Mgeni gani anataka kuona seli ambazo hazifi?"