Lyle Anapumzisha Sauti

Lyle Kessering hakuwa ametamka neno tangu Jumapili. Alipotaka chumvi mezani, aliandika "chumvi" kwenye kibao chake cheupe, akakigonga kwa kucha mpaka mkewe akageuka.

Majirani zake pale Burbank walishamzoea. Mwigizaji mkubwa wa katuni hupumzisha sauti, na Lyle ndiye aliyekuwa Nibbo, yule kindi mlafi ambaye nusu ya watu wazima wa nchi ile walikua wakimwigiza shuleni. Jua la Julai likiwaka, yeye alitembea na skafu shingoni. Aiskrimu hakugusa. Kugombana hakugombana, hata na fundi bomba aliyemfurikishia bafu. Dukani binti mmoja alimsihi aseme kidogo tu kama Nibbo. Lyle akaandika kwamba mkataba haumruhusu, akampa picha yake yenye saini.

Marva, mkewe, ndiye aliyepokea simu na kuongea na wakala. Ndiye pia aliyemwambia mhudumu wa mgahawa kwamba bwana hataki kitunguu.

Kazi yenyewe aliifanyia nyumbani, tangu ile operesheni ya koo ambayo magazeti yaliiandika kana kwamba amekatwa mguu. Siku hizi waigizaji wengi wa sauti hufanya hivyo. Wanajifungia kabatini, makoti yanazuia mwangwi, wakurugenzi wanasikiliza kwa mbali na kusifu. Marva aliingia naye ili kushughulikia mitambo. Walitoka wote wawili wametota jasho, kisha Lyle akajilaza kwenye kochi aletewe asali, maana kipaji kinachosha jamani.

Mwaka jana walimpa tuzo. Aliandika hotuba ndefu, na kwa kuwa alikuwa anapumzisha sauti, Marva akapanda jukwaani kumsomea. Ilimshukuru wakala, ikamshukuru daktari wa meno, ikamshukuru mbwa wao aliyekufa. Marva aliisoma vizuri mpaka mwisho, na jina lake hakulikuta.

Sasa kipindi cha Nibbo kilikuwa kimenunuliwa na wamiliki wapya, vijana wa raba nyeupe, nao walitaka sauti changa. Waliitisha usaili upya. Kila mtu aje mwenyewe, asimame nyuma ya pazia na namba tu, bila jina, ili mtu asipendelewe. Lyle naye. Siku aliyopata habari hizo aliandika "MATUSI" kwa herufi zilizojaza kibao kizima. Lakini hakulala vizuri tena. Bila Nibbo, nani angemwekea ile meza ya dirishani mgahawani? Angekuwa mzee mwenye skafu tu.

Marva ndiye aliyeendesha gari. Kwenye taa nyekundu alimgeukia.

"Lyle, safari hii ukipita, waambie waandike na jina langu. Huko mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, pamoja na wale waliopika chai. Sikuombi zaidi ya hapo."

Lyle alifikiri, akaandika: "Utawachanganya watu."

Marva alikitazama kibao mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

Ukumbini, korido ilijaa watu wakijinong'oneza kikindi. Lyle alipewa namba yake, akakaa kiti cha mwisho. Alifuta kibao, akaandika kwa utulivu: "Nina mafua. Nitawatumia sauti kutoka nyumbani, kama siku zote." Akakilaza magotini, tayari. Marva alisema anakwenda kuhamisha gari wasije wakapigwa faini, akaondoka na mkoba wake.

Mlango wa chumba cha usaili haukuzuia sauti. Wa kwanza alikuwa kama mtoto mwenye mafua. Aliyefuata alikuwa kama polisi anayejifanya mtoto. Lyle alitabasamu, akalegeza skafu.

Kisha Nibbo akacheka.

Kicheko kile kile, kinachoanzia puani na kuishia kwenye kwikwi. Waliokuwa koridoni wote wakageuka kukitazama kiti cha Lyle, na Lyle bado alikuwa amekikalia. Huko ndani Nibbo aliiba njugu, akashikwa, akajitetea, akalia, na waliokuwa wakimsikiliza wakaanza kupiga makofi kabla hajamaliza.

Mlango ulifunguliwa na Brooke Tillery, mkubwa wa wale vijana wa raba nyeupe, akijifuta machozi ya kicheko. Aliwashukuru wote na kuwaambia waende nyumbani. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti cha mwisho, kama mtu anavyochuchumaa mbele ya mgonjwa.

"Usichukie, Bwana Kessering. Namba yako hatutaiita. Tumemlinganisha huyu na vipindi vyako vyote vya miaka ya karibuni, na hatuoni tofauti hata kwenye pumzi. Halafu yeye bado ana nguvu."

Nyuma yake alitokea Marva, mkoba mkononi, nywele zimelowa jasho.

"Na jina langu mtaandika?" alimuuliza Brooke.

"Kwa herufi kubwa, mama. La kwanza kabisa."

Lyle alisimama ghafla, kibao kikaanguka. Akamnyooshea mkewe kidole, akapanua kinywa, akapiga kelele kwa nguvu zake zote. Kilichotoka ni mlio wa bawaba kavu, ule ule aliotoka nao hospitali.

Watu walitazamana, hakuna aliyeambulia neno. Marva akawatafsiria, kama kawaida yake.

"Anasema hongera."