Elimu ya Baba

Jumatatu, tarehe tisa Februari, Kibwana alijikuta kafa. Mgane huyo alikwenda shuleni kutazama matokeo ya bintiye, Mashavu. Majina yalibandikwa kwa makundi. Akayafuata kwa kidole, herufi kwa herufi, maana darasani hakukaa sana, akamkuta binti ni wa kwanza, chini ya maneno “Yatima wa baba na mama”.

“Aliyekufa ni mama yake!” alimfokea mwalimu mkuu. “Mimi mmenizika wapi?”

“Si sisi, mzee wangu.” Mwalimu akamwonyesha fomu. Penye “Elimu ya baba”, Mashavu alikuwa ameandika: “Marehemu.”

“Na nyinyi, elimu yangu mliitakia nini?”

Mashavu alikuwa kasimama mlangoni, zawadi yake kaikumbatia kifuani.

“Mwanangu,” Kibwana akauliza, “nimekufa lini?”