Sauti Iliyopigwa Pasi

Binti wa mwandishi alivaa hedifoni, akafumba macho. Mama yake tulimzika wiki mbili zilizopita, na kitabu chake, alichokisoma mwenyewe hapa studio kabla ugonjwa haujamzidi, sasa kilikuwa tayari kusikilizwa.

Mimi ndiye fundi niliyeisafisha sauti, na kwa usafi sina mzaha. Vikohozi, kumeza mate, pumzi za mgonjwa, vyote nilivikata kimoja kimoja kwa siku tisa, nikaacha sauti imenyooka kama shati lililopigwa pasi.

Nilikuwa nangoja asante. Binti alisikiliza kidogo tu, akavua hedifoni.

"Kaka, hapa mwanzo mama anaponitaja, hukukata kitu?"

"Pumzi tu, dada. Ilikuwa inakwaruza."

"Hakuwahi kuniita bila kuvuta ile pumzi." Alizipangusa hedifoni kwa kiganja. "Basi niwekee hizo ulizokata. Kitabu nitakisikiliza siku nyingine."

Niligeukia kompyuta, nikafungua folda ninamotupia vipande. Ilikuwa tupu. Niliifuta Ijumaa, kama ninavyoifuta kila Ijumaa.

"Niko tayari," alisema nyuma yangu. Alikuwa ameshavaa hedifoni tena, na macho ameyafumba.