Matairi ya Mkwe

Gari lilikuwa linakwenda ubavu kama kaa, na ndani yake, kwenye viti vya nyuma, yalikaa matairi manne mapya ya theluji, kila moja limevalishwa utepe mwekundu. Matairi yaliyokuwa chini, yanayogusa barabara, yalikuwa vipara vitupu.

"Salomon, nyoosha!" Nshombo, baba yake mdogo, alipiga kelele.

"Nimenyoosha, papa. Gari njo haitaki."

Gari lilizunguka nusu, likasita kama linalofikiri, kisha likarudi lenyewe kwenye njia yake. Cosmas, aliyebanwa huko nyuma katikati ya matairi, alifumbua macho.

"Wazee wangu, naomba tuulizane kwa upole. Tumebeba dawa, na bado tunaumwa?"

Cosmas hakuwa ndugu yao. Alikuwa Mtanzania anayesoma chuo kikuu Columbus, na walipotoka Louisville walimpitia awe msemaji wao wa posa. Nshombo aliamini kwamba Kiswahili cha Tanzania kikisemwa taratibu, hata baba mkali hutoa binti.

Baba mkali mwenyewe alikuwa Mzee Bulonza wa Cheektowaga, kando ya Buffalo. Kwenye simu alikataa mbuzi, akakataa koti, akakataa hata jembe la heshima. Alitaka matairi manne ya theluji, mapya, yafike Jumamosi hii kabla hajatoka kwenda kazini saa nane mchana. Wakichelewa, maneno ya Salomon na binti yake Clémence yangefunguliwa tena baada ya Pasaka. Na huu ulikuwa Januari, mwaka 2015. Vijana hao, Wakongo wote wawili, walipendana kwenye kambi ya wakimbizi, kisha ndege zikawatawanya, mmoja Kentucky, mwingine New York. Salomon hakuwa na Pasaka nyingine ya kungoja.

"Kipimo gani, muzee?" Nshombo alikuwa ameuliza siku ile.

"Kama ya gari yenu," mzee alijibu.

Nshombo alifurahi mno. Mkwe anaendesha gari la kawaida kama lao! Si mtu wa makuu.

Walipopita Erie, theluji ilianza kushuka kwelikweli, nene kama pamba ya godoro lililopasuliwa. Cosmas aliona bango la gereji.

"Tusimame pale watufungie. Tairi la kawaida likipata baridi linakauka kama ukoko. La theluji linabaki laini, linang'ata barabara."

"Mimi natembezaka gari mu Louisville, baridi tatu sasa, na matairi hizi hizi," alisema Nshombo. "Za theluji ni mambo ya biashara tu."

"Mzee wangu, Louisville ikianguka theluji ya kufunika kidole mnafunga shule na kanisa. Hamjaendesha kwenye theluji. Mmeitazama dirishani."

Salomon alicheka, gari likateleza, akaacha kucheka.

"Papa, tufunge tu. Tukikaribia tutayatoa, tutayafuta, tutarudisha na utepe."

Nshombo aligeuka akamkodolea macho.

"Donc, weye unataka kupelekea mukwe viatu ulishavaa? Ile ni dote, ni mahari! Mbuzi ya dote, unaikamua mu njia, kisha unafika unasema karibu muzee, maziwa imebakia kidogo?"

"Hili si mbuzi," alisema Salomon.

"Njo hivyo! Mbuzi hata ungeinawisha."

Cosmas alikumbatia tairi lililo karibu, akafumba macho tena.

Basi waliendelea hivyo hivyo. Malori yaliwapita, wazee wenye mvi waliwapita, bibi mmoja aliyekumbatia usukani aliwapita na kuwapungia mkono. Kila gari lilipoteleza, Nshombo aligeuka nyuma kutazama kama tepe hazijalegea.

Walifika Cheektowaga. Mtaa wa Mzee Bulonza ulipoonekana, Salomon alikata kona, gari halikukata. Lilikwenda moja kwa moja, kwa adabu, bila haraka, likaingia mtaroni na kulala kichwa chini, mkia juu. Taa moja ilivunjika. Moshi ulitoka mahali ambapo moshi hautakiwi kutoka.

"Matairi iko muzima?" Nshombo aliuliza kabla hajajishika kichwa.

Yalikuwa mazima. Wakayashusha. Nshombo alisukuma moja, Cosmas moja, Salomon mawili, theluji magotini, suti zimelowa, viatu vya kuchongoka vinatafuta pa kukanyaga. Dereva wa greda la theluji alisimama kuwapisha, akavua kofia kama anayepisha maziko.

Saa nane ilikuwa bado kidogo. Mzee Bulonza alifungua mlango akiwa amekwisha kuvaa buti za kazini. Alitazama matairi, akatazama watu, akatazama tena matairi. Akainama, akapitisha kidole kwenye meno ya mpira.

Cosmas alijikohoza ili aanze hotuba yake. Meno yake yaligongana kwa baridi, mzee akamuwahi.

"Bon," alisema mzee. "Nimepokea. Clémence ni wenu."

Vigelegele vilipasuka jikoni. Salomon alikaa chini palepale kwenye theluji na kulia. Nshombo alisimama wima, barafu ikining'inia kwenye masharubu yake, akajawa na fahari.

"Muzee, hata kilometa moja hayajatembea! Tuonyeshe gari yako, tukufungie sasa hivi."

"Gari gani?" Mzee Bulonza alikuwa anavaa kofia. "Mimi napandaka basi. Hizi niliomba juu ya gari yenu, mutoto yangu asikufe mu njia mukimupeleka. Iko wapi, tufunge?"