Kunguru na Matone ya Korongo

Palikuwa na Kunguru mwenye neno la dharau kwa kila habari mpya. Korongo tabibu alipotangaza matone ya kukinga kideri, ugonjwa unaoua ndege, Kunguru alicheka mbele ya wote.

"Porojo hizo. Mnataka kufanywa wajinga?"

Kesho yake akawapeleka wanawe kwa Korongo kimyakimya.

Juma lililofuata, akiwarudisha kwa matone ya pili, alimkuta jirani yake Kanga mlangoni, amekumbatia kifaranga aliyelegea shingo.

"Kumbe nawe huwaleta wako, kaka?" Kanga aliuliza.

"Huwaleta, dada."

"Wangu watano nimewazika. Amebaki huyu. Nilikusikiliza wewe."

Kunguru alitaka kusema kwamba alikuwa akitania tu. Akawafunika wanawe kwa mbawa, akiona haya kwamba walikuwa wazima.