Mlango Uliomkana Mzee Mloka

Milango ya Morogoro haikuwa tena na funguo. Ilinusa pumzi, ikawatambua wenyeji kwa vijidudu vya kooni na mapafuni mwao, kwani hakuna watu wawili wenye vijidudu sawa.

Mzee Mloka alikuwa amekohoa miezi mitatu. Tabibu wa Kichina pale Msamvu akampa mizizi na maua makavu ya kuchemsha, akamwonya anywe kikombe kimoja kwa siku. Mzee, asiyependa mambo nusunusu, akanywa vitatu. Kikohozi kikakoma. Siku hiyo akarudi kutoka sokoni kifua mbele, akaupulizia mlango wake.

"Vijidudu hivi sivijui. Mgeni," mlango ukasema. "Piga hodi."

"Mgeni nani? Nyumba hii nimeijenga mimi!"

Mkewe, Bi Sikuzani, alichungulia dirishani, akacheka hadi kitenge kikamlegea. "Baba Chiku, kohoa basi ujulikane!"

Mzee akajikamua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakikutoka kikohozi hata cha dawa.

"Mama mwenye nyumba," mlango ukauliza, "huyu ni nani kwako? Kama ni mume, bonyeza kitufe cha kijani, nimwandike upya."

"Bonyeza, mke wangu, jua linanichoma!"

Bi Sikuzani alinyoosha kidole. Kisha kicheko kikamwisha, akakirudisha kidole kidevuni.

"Mara ile ya kwanza, siku ya posa, alijibu baba yangu," alisema. "Leo nimeulizwa mimi. Ngoja nifikiri."

Akavuta kigoda, akakaa.